Misokoto Mitatu ya Msellem

Saa kumi na nusu alasiri, Alkhamisi ya tarehe 24 Februari 2005, Fajr binti Saeed alifunga mlango wa chumba cha shangazi yake kwa ufunguo, akatoa kwenye mkoba pakiti ya karatasi ya hudhurungi na kuiweka juu ya mto. Ndani yake mlikuwa na misokoto mitatu ya bangi, kila mmoja mrefu kama kidole cha shahada, ncha zake zimefungwa kwa uzi mwekundu.

Chumba kilikuwa upande wa nyuma wa nyumba, katika mtaa wa nyumba za serikali huko Sib, nje ya Maskati, mahali ambapo ndege zinazotua hupita chini kiasi cha kutikisa vikombe kabatini. Masouda, shangazi mtu, alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Alikuwa amesomesha hesabu skuli ya wasichana mpaka saratani ilipotoka kwenye titi na kuingia katika mifupa ya mgongo. Tangu Novemba alikuwa akikaa kwa kaka yake, Saeed, baba wa Fajr. Vidonge vya hospitali vilimlaza mchana na kumwacha macho usiku.

Fajr alikuwa mfamasia. Alijua kila kidonge kina nguvu gani na kinaisha baada ya muda gani, na alijua daktari asingeongeza. Hakuwa mtu wa kuiba dawa kazini, na mitishamba hakuiamini. Lakini alikuwa amemsikia shangazi yake akiuma shuka, na hilo hakulisoma katika kitabu chochote. Kwa hiyo alikwenda soko la Sib, kwa Msellem, muuza dawa za asili, ambaye duka lake liko baina ya sonara na muuza halua.

"Mie siuzi bangi, mwanangu," Msellem alimwambia. "Nnauza dawa ya wenye kungoja."

"Ina nini ndani?"

"Bangi."

"Na kitu gani kingine?"

"Karatasi na uzi." Aliifunga pakiti katika gazeti pamoja na habasoda, ili ionekane habasoda. "Mgonjwa asivute peke yake. Na atakayekuja mumkaribishe vizuri."

Fajr alijua pia sheria inasema nini juu ya bangi, na kifungo chake ni miaka mingapi. Aliyapima mambo yote mawili, akalipa, akaondoka.

Masouda aliugeuza msokoto wa kwanza vidoleni. Maisha yake yote hakuwahi kuvuta hata sigara.

"Unavutwaje?"

"Vuta kama unakunywa dafu kwa mrija, halafu uzuie kifuani."

"Umejuaje?"

"Sijui. Nakisia."

"Mfamasia mzima unakisia. Huko chuoni walikufundisha nini, kuhesabu vidonge?"

"Na kuandika mwandiko usiosomeka, shangazi."

Masouda alicheka, akashika mbavu, akavuta. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, akavuta tena. Dirisha lilikuwa wazi na feni ilikuwa ikizunguka, lakini moshi haukutoka. Ulikusanyika chini ya dari, pembe ya kaskazini, juu ya kabati la mninga ambalo baba yake Masouda alilisafirisha kutoka Tabora. Ulikaa hapo ukawa mzito, ukageuka wa kijivu, halafu ukaanza kunyesha.

Fajr alitazama kwanza kiyoyozi. Kilikuwa ukuta wa pili, na kilikuwa kimezimwa. Akaenda msalani akaleta beseni, akaliweka chini ya manyunyu.

Chumba kilijaa harufu ya udongo mwekundu uliokaa kiangazi kizima bila maji na sasa unayapata. Hewa ilipoa. Masouda aliunyoosha mkono wa kulia, mkono ambao kwa wiki nzima hakuweza kuuinua, akauweka chini ya mvua na kuuacha hapo. Mvua ilikuwa nyembamba na ya kweli. Iligonga beseni kwa sauti ile ile ya mvua igongayo bati.

Juu ya sanduku la nguo, mguuni pa kitanda, alikuwa ameketi mwanamke wa miaka thelathini na sita hivi, amejifunga kanga za rangi ya damu ya mzee. Hakuwa na viatu. Tope jekundu lilimfika vifundoni.

"Huyu mama yangu," Masouda alimwambia Fajr, kwa sauti anayotumia mtu kumtambulisha mwenzake dukani. "Bibi yako Nyamizi."

"Shikamoo, Bibi," alisema Fajr.

"Marahaba. Umeolewa?"

"Bado. Nimeposwa."

"Anafanya kazi?"

"Mhandisi."

"Anakula?"

"Anakula sana."

"Basi hajambo huyo." Nyamizi alimgeukia bintiye. "Umezeeka, Masouda."

"Nimekupita miaka saba, mama."

"Naona. Nilikuacha una pengo hapa."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mzee Aflah, mfanyabiashara wa Kiomani, alimwoa Nyamizi mbele ya kadhi wa Tabora mwaka 1953, akakaa naye miaka ishirini. Mwaka 1973 alirudi kwao Oman, akawachukua watoto wawili: Saeed, kijana wa miaka kumi na tisa, na Masouda wa miaka kumi na mmoja. Mke, wa miaka thelathini na sita wakati huo, alimwacha stesheni. Ilisemwa kuwa atafuatwa. Walipofika Maskati Mzee Aflah aliwaketisha watoto kwenye mkeka, akawaeleza kwamba mtu akiuliza, mama yao amekufa, na alikuwa binti wa ami yake, Mwarabu kama yeye. Nchi ile watu huuliza asili kabla ya kuuliza hali. Saeed aliyasema maneno hayo kazini na alipokwenda kuposa, na baba yao alipokufa aliendelea kuyasema. Masouda naye alinyamaza miaka thelathini na miwili. Habari kwamba Nyamizi amefariki kweli zililetwa na msafiri mwaka 1989, na hakukuwa na matanga, kwa kuwa kwa hesabu ya watu alikwisha kufa zamani.

Mwezi wa Januari, baada ya daktari kusema aliyoyasema, Masouda alimwambia Fajr kwamba anataka kitu kimoja kabla hajaondoka. Anataka kumsikia kaka yake akisema mbele ya watu, kwa ulimi wake: huyu ni mama yetu.

"Kaka yako yuko wapi?" Nyamizi aliuliza sasa.

"Atarudi magharibi."

"Nitamngoja."

Lakini hakupata kumngoja. Mlango uligongwa kwa kiganja.

"Fajr! Hebu fungua! Harufu gani hii? Nyie wanawake mna wazimu? Wael yupo uani kwake anaosha gari!"

Aliyegonga alikuwa Ghaliya, mama yake Fajr, mzaliwa wa Unguja. Wael, jirani, alikuwa askari polisi. Fajr alipofungua, Ghaliya aliingia na chetezo mkononi, makaa yanawaka, udi juu yake unatoa moshi mzito wa kuficha kila kitu. Alimwona mgeni. Akaiona mvua, akakwepa beseni.

"Karibu, mama. Hawa hawakunambia kama kuna mgeni, wallahi, hata kahawa sijatia." Na kwa kuwa mkono wa mwanamke aliyelelewa vizuri hauna njia nyingine ya kushika chetezo, alikitanguliza kwa mgeni.

Fajr aliona kosa lilipokuwa limekwisha kutendeka. Katika nyumba za Waomani, popote zilipo, chetezo kikishazungushwa ziara imekwisha. Mgeni hujifukiza, hushukuru, huondoka. Hakuna anayehitaji kuambiwa. Nyamizi alikuwa ameishi miaka ishirini katika nyumba kama hiyo. Alikipokea chetezo, akafukiza ushungi wa kanga, kwapa la kulia, la kushoto, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Ahsante, mwanangu. Mmenikirimu."

Alisimama akatoka mlangoni. Mvua ilikatika. Masouda alijikunja taratibu kuelekea ukutani, na Fajr akaenda kuchukua vidonge.

"Nimefanya nini?" aliuliza Ghaliya.

"Umemuaga mama mkwe wako," alisema Fajr.

Ghaliya alitazama nyayo nyekundu kwenye marumaru. "Mbona mdogo vile?" alisema, akaenda kutafuta kitambaa cha kufutia.

Msokoto wa pili waliuwasha kesho yake, Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, makusudi wakati Saeed yuko nyumbani. Moshi ukapanda, mvua ikaja, nzito kidogo kuliko ya jana. Nyamizi alikuwa juu ya sanduku. Fajr alikwenda kumwita baba yake.

Saeed alikuwa mkuu wa idara katika wizara, mtu wa sauti ya chini na kanzu isiyokuwa na mkunjo. Alisimama kizingitini, akavua viatu, akaingia na kuketi kwenye kiti. Matone yalimwangukia begani, hakusogea.

"Karibu," alisema. "Safari ilikuwaje?"

"Ndefu."

"Reli ya kati bado inafanya kazi?"

"Inafanya. Nilikuwa nikija stesheni." Nyamizi alizungumza bila lawama, kama anayetoa taarifa. "Ulisema, usilie mama, nitarudi mwenyewe kukuchukua. Ulivaa shati la mikono mifupi. Nikakukinga upepo kwa shuka langu, lile la mistari. Ulifika nalo?"

"Lilipotea Dar es Salaam."

"Si kitu. Lilikuwa limekwisha kuchanika."

Saeed alitazama mikono yake. Masouda, ambaye alikuwa ameketi wima kitandani bila kushikwa, alimtazama yeye. Mvua ilinyesha baina yao. Neno moja lilitosha, na chumba kizima kilikuwa kinalingoja. Hata ndege iliyopita juu ilionekana kupita kimya.

"Ghaliya," Saeed aliita. "Leta udi."

"Kaka, usifanye hivyo."

"Leta udi, Ghaliya."

Chetezo kililetwa. Nyamizi alijifukiza, akashukuru, akaondoka. Ndipo ndugu wawili waligombana, Masouda akiwa amerudi kulala kwa ubavu.

"Bi Shaikha anakuja Alkhamisi kupanga siku ya ndoa," alisema Saeed. "Wameshauliza juu yetu kwa watu watano. Unataka niseme nini? Wamwache Fajr mlangoni?"

"Sema kweli."

"Ngoja harusi ipite, Masouda. Nakuomba."

"Harusi mwezi wa Juni. Mimi kuna ninachokingoja kabla ya Juni."

Saeed alivaa viatu, akaenda kusali alasiri.

Jumamosi asubuhi, Saeed akiwa ofisini, Masouda alimwagiza Fajr akusanye udi wote uliokuwamo nyumbani: ule wa kopo la fedha, ule wa kila siku, hata vipande vilivyosahauliwa kwenye mifuko ya makoti. Fajr aliutia katika buti la gari lake na kulifunga. Kisha wakawasha msokoto wa tatu, wa mwisho. Safari hii Fajr naye alivuta mara mbili, kwa kuwa hakupenda kushuhudia jambo asilolijaribu. Koo lilimchoma. Zaidi ya hapo hakuona chochote ambacho wengine hawakukiona.

Nyamizi alikuja. Chetezo hakikuletwa, basi hakuondoka.

Alikaa siku tano kamili. Asubuhi alikuwa wa kwanza jikoni. Alisonga ugali, akapika mlenda wenye karanga, akaulaza mwiko juu ya sufuria kama alivyokuwa akifanya Tabora, na Masouda, ambaye kwa miezi alikuwa akiishi kwa supu, alikula akaomba ukoko. Maumivu yalikuwa yamekwenda. Hayakupungua, yalikwenda: Fajr alimbonyeza mgongoni pingili kwa pingili na shangazi yake akamwambia aache kumtekenya. Vidonge vilibaki kwenye chupa.

Mvua ilimfuata Nyamizi chumba kwa chumba. Jumapili Fajr alichota maji ya beseni, akayapeleka kazini na kuyapima wakati wa mapumziko. Yalikuwa maji ya mvua, yenye chembe za udongo wa chuma na vumbi la chavua ya maua asiyoyajua. Aliyarudisha nyumbani yote.

Jumatatu kabati la mninga lilichipua. Majani yalitoka kwenye milango na pembeni mwa kioo, kwanza mekundu kama shaba, kama yatokavyo kwenye misitu ya Tabora kabla ya masika, halafu mabichi. Jumanne lilitoa maua ya manjano na nyuki wakaingia dirishani. Familia ilileta viti, wakaketi chumbani kwa mgonjwa, wakilitazama kabati likisogeza matawi yake taratibu kuelekea kwenye mvua. Ghaliya, ambaye hakuwa mtu wa kunyamaza, alinyamaza kwa muda wa kahawa mbili nzima. Nyamizi alikuwa akisuka nywele za Masouda, zile kidogo zilizobaki, na harufu ya asali ilishuka juu yao.

"Subhanallah," hatimaye alisema Ghaliya. "Na mie nnalifuta vumbi hilo miaka yote hii."

Siku hiyo hiyo Wael alibisha hodi. Maji yalikuwa yamepita chini ya ukuta na kuingia uani kwake.

"Bomba limepasuka, Bi Ghaliya?"

"Tuna mgeni."

"Wa Bara?"

"Wa Bara."

"Hao huja na maji," alisema askari, akarudi na ndoo mbili za kuazimisha. Akavuta pumzi kidogo, akatazama upande wa soko. "Msellem bado anatumia uzi mwekundu?"

"Sijui unasema nini, baba."

"Hata mie sijui," alisema Wael, akaenda zake.

Kila alfajiri, akitoka msikitini, Saeed alisimama kwenye mlango wa jikoni. Nyamizi alimwekea tonge mbili na mboga kwenye sahani ya bati. Saeed alikula kwa mkono, amesimama, macho yake kwa Nyamizi, kama mtu anayetazama moto. Kisha alinawa, akaenda kazini na doa la mlenda kwenye kanzu.

"Umemwita mama?" Masouda alimwuliza Jumatano.

"Nilikuwa nakula."

"Miaka yote hiyo ulikuwa mtoto hodari wa kula."

Saeed alimwomba tu Fajr apogoe yale matawi yaliyokuwa yakitokeza ukumbini.

Jioni Fajr alimwambia shangazi yake kwamba baba akishindwa, atasema yeye.

"Wewe usiseme," alijibu Masouda. "Hukumwahidi kitu. Aliyesema stesheni ndiye aseme."

Alkhamisi ya tarehe 3 Machi, saa kumi na moja jioni, Bi Shaikha aliwasili na dada yake. Alikuwa mjane, mama wa Osama mchumba wa Fajr, na kwao neno la mwisho lilikuwa lake. Kwa hiyo alitaka kuketi na Saeed mwenyewe, si na wanawake peke yao. Aliketishwa mahali pa heshima majlisini, sebule ya wageni. Masouda aliletwa akitembea kwa miguu yake. Nyamizi aliketi pembeni yake kwenye godoro la chini, na mvua ikaketi juu ya Nyamizi. Ghaliya alikuwa amepanga trei tatu za kukingia, akafunika halua kwa kawa.

"Nyumba yenu ina baridi nzuri," alisema Bi Shaikha.

"Alhamdulillahi, tumejaaliwa," alisema Ghaliya. "Kiyoyozi hatukigusi."

Walizungumza juu ya Osama, nyumba atakayopanga mtaa wa Ghala, karibu na karakana anayosimamia, ukumbi, idadi ya wageni. Walikubaliana mwezi wa Juni, wiki ya pili. Kahawa ilipita. Kisha Bi Shaikha akamtazama mwanamke wa pembeni kuanzia ushungi mpaka tope la vifundoni, akamgeukia Saeed.

"Na huyu, Abu Fajr? Sijatambulishwa."

Matone yaligonga trei. Masouda alikuwa amemkazia macho kaka yake. Nyamizi naye alimtazama, bila haraka, kama mtu aliyezoea stesheni. Fajr alifungua kinywa. Shangazi yake aliinua kidole kimoja, na Fajr akakifunga kinywa.

"Huyu ni mlezi wetu wa Tabora," alisema Saeed. Sauti yake ilikuwa ya chini na safi. "Alitulea mimi na dada yangu baada ya kufiwa na mama."

"Mashaallah," alisema dada yake Bi Shaikha.

"Nimewalea, kweli," alisema Nyamizi. "Huyu wa kiume alikuwa akitapika maziwa."

Wageni walicheka kwa adabu. Bi Shaikha alifungua mkoba, akatoa kisanduku cha mbao kilichotandikwa mahameli. Upande wa mume hawaji mikono mitupu, na alichokileta ni udi, wa bei kubwa, kutoka India.

"Tuufukize huu," alisema. "Uwe fali njema."

Zawadi ya aina hiyo haiwekwi kando. Ghaliya alitia makaa. Desturi ilitaka bibi harusi azungushe, na Fajr alikibeba chetezo kwa mikono miwili: kwa Bi Shaikha, kwa dada yake, kwa mama yake. Alipofika pembeni alimpita Nyamizi bila kumpa, akageuka nyuma.

Saeed alisimama. Alivuka majlisi, akakitwaa chetezo mkononi mwa binti yake, akaenda nacho pembeni. Akapiga magoti katika maji mbele ya mama yake na kukinyoosha.

Nyamizi alikitazama chetezo, kisha uso wa aliyekishika. Alitanua ushungi, akaufukiza. Kwapa la kulia, la kushoto. Kabla ya kusimama alinyoosha mkono akairekebisha kofia ya Saeed, ambayo ilikuwa imeelemea upande, akaipapasa mara moja kwa juu.

"Ahsanteni," alisema. "Mmenikirimu."

Alitoka pamoja na wageni, nyuma yao kidogo. Langoni hakuaga tena. Alishika njia ya barabara kuu, bila viatu, manyunyu yakimfuata juu ya lami kavu mpaka alipopindia msikitini. Bi Shaikha alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari akimwangalia. Fajr alikuwa kando yake.

"Yule ni mama yake baba," alisema Fajr.

"Nnajua, mwanangu. Macho si yale yale?"

"Kama ulijua, kwa nini uliuliza?"

"Tulitaka kusikia baba'ko atasema nini." Bi Shaikha alikunja buibui asilifungie mlangoni. "Kasema vizuri, siri anajua kuitunza. Sasa roho yangu imetua." Alikaa garini, halafu akakumbuka jambo, akateremsha kioo. "Bibi wa kwetu alikuwa wa Ujiji. Yeye alikuwa akija na radi, mpaka tukahama nyumba."

Gari liliondoka. Adhana ya magharibi ilianza.

Ndani, mvua ilikuwa imekatika. Majani ya kabati yalikuwa yameanguka yote, na yalifika mpaka ukumbini. Saeed alikuwa ameketi kwenye godoro la pembeni, mahali palipokuwa pametota, chetezo baridi mapajani. Ghaliya alikuwa akikusanya trei bila kuzigonganisha.

Saa kumi na mbili na dakika kumi Masouda, amekwisha kujikunja tena kitandani, aliomba vidonge vyake. Fajr alimpa viwili, kwa maji ya beseni, akavimeza.